Mashine namba 4 inafungua Google na YouTube tu, tovuti nyingine zimegoma tangu iapdetiwe usiku

SaibaGithurai | Jumatano, saa 2:10 asubuhi

Habari za asubuhi wadau. Naomba msaada wa haraka, nina watu wanangoja hapa mlangoni.

Nina saiba ndogo Githurai 44, mashine sita, zote Windows 11, zote zimeungwa kwa waya kwenye ruta moja. Jana usiku kabla ya kufunga niliziacha zijiapdeti. Leo asubuhi tano zimewaka vizuri. Namba 4 imewaka pia, ikasema apdeti imekamilika, lakini mambo yake siyaelewi. Google inafunguka. YouTube inacheza bila kukwama. Nikienda kwenye tovuti ya kujaza ritani za kodi, kile kiduara kinazunguka weee, halafu naandikiwa ERR_TIMED_OUT. Ya benki vivyo hivyo. Ya chuo vivyo hivyo. Hata gazeti la leo halifunguki.

Wiki hii ndiyo ya mwisho ya ritani, Juni 30 ikipita mtu anapigwa faini, na namba 4 ndiyo iliyoungwa na printa. Nimezima nimewasha mara tatu, ruta pia nimeizima. Kijana jirani anayetengeneza kompyuta ameniambia dawa ni kufomati, 1,500, na niiache kwake mpaka kesho. Siwezi kuiacha. Kuna kitu ninachoweza kujaribu mwenyewe?

NyotaZimmerman | saa 2:19 asubuhi

Pole dada. Isije ikawa ni kebo ya baharini tena? Mei 2024 EASSy na Seacom zilipokatika siku moja, hapa kwetu ilikuwa hivihivi. Vingine vinafunguka, vingine vinajikokota mpaka unakata tamaa.

FundiWaNgara | saa 2:31 asubuhi

Si kebo, ndugu yangu. Ile Mei 12 Nairobi nzima ililia pamoja. Kebo haiwezi kuchagua namba 4 ikaziacha namba 3 na namba 5 zilizo kwenye ruta ileile. Dada ametupa jibu la nusu ya swali bila kujua: mashine tano zinafanya kazi. Kwa hiyo ruta ni nzima, laini ya kutoka nje ni nzima, na tovuti zenyewe ni nzima. Ugonjwa uko ndani ya namba 4.

Dada, usifomati. Kazi hii nimeifanya tangu enzi za intaneti ya setilaiti, kabla kebo hazijatua Mombasa 2009, na nimeona mashine zikifutwa kwa tatizo la dakika ishirini. Watu wamepoteza hesabu za duka, picha za arusi, kazi ya chuo ya miaka minne. Kufomati kunaondoa ugonjwa, sikatai. Lakini hakukuambii ulikuwa ugonjwa gani, na ukirudisha programu zilezile kesho yake, umeurudisha na wenyewe.

Naomba uniangalizie mambo haya. Kwanza saa na tarehe ya namba 4, ukiweka na mwaka, na ukanda wa saa uwe umeandikwa (UTC+03:00) Nairobi. Mji wetu una jina lake mle ndani. Pili, fungua tovuti ya ritani kwa Edge badala ya Chrome. Tatu, chomoa waya wa ruta, iunge namba 4 na data ya simu yako, ujaribu tena. Usibadilishe mambo mawili kwa mpigo, la sivyo hatutajua lipi limesaidia.

Mwanafunzi_Juja | saa 2:40 asubuhi

Hapo kwa saa hapo! Laptopu yangu ilinitesa hivyo muhula uliopita. Kila nikichomoa chaja, ikiwaka tena tarehe inarudi Januari 2015. Tovuti zote zinaniambia muunganisho si salama, NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Nikidhani nimedukuliwa. Mpaka leo nairekebisha tarehe kwa mkono kila asubuhi.

FundiWaNgara | saa 2:48 asubuhi

Kijana, hiyo ni betri ndogo ya kwenye bodi imekufa. Ni ile ya duara bapa kama sarafu, CR2032, volti 3. Ndiyo inayoshikilia saa mashine ikiwa haina umeme. Panda barabara ya Luthuli, Nairobi mjini, ununue mpya. Laptopu nyingine betri hiyo ina kiwaya na plagi ndogo, kwa hiyo fungua kwanza uione, au ipige picha uwaonyeshe.

Sababu ya tovuti kugoma ni hii. Kila tovuti ya https, yaani ile ambayo mazungumzo yake yamefungwa yasisomwe njiani, ina cheti cha kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Vyeti vya Let's Encrypt, ambavyo tovuti nyingi sana hutumia, kwa miaka mingi vimekuwa vikiishi siku 90. Mashine yako ikiamini kwamba leo ni 2015, kila cheti inachoonyeshwa kinatoka wakati ambao haujafika. Inakataa, na ina haki ya kukataa.

Lakini zingatia tofauti. Wewe unaambiwa sababu, tena papo hapo. Dada haambiwi lolote, anangojeshwa mpaka muda unakwisha. Ndiyo maana huwa naomba watu waniandikie maneno ya kwenye skrini herufi kwa herufi. "Haifunguki" ina sura kumi.

SaibaGithurai | saa 2:55 asubuhi

Asante mzee. Tarehe ni sawa, mwaka ni sawa, Nairobi imeandikwa. Edge ni yaleyale: Google ndiyo, ritani hapana. Kwa data ya simu pia ni yaleyale kabisa, na simu yenyewe inaifungua ile tovuti bila shida.

Msafiri_Embakasi | saa 3:02 asubuhi

Mimi nilishazima apdeti kwenye mashine zangu zote na sijawahi kujuta. Apdeti ndizo zinaharibu. Ondoa hiyo ya jana na uzime kabisa zisirudi. Na tovuti ikikuletea onyo la cheti, bonyeza tu kuendelea, inafunguka.

FundiWaNgara | saa 3:15 asubuhi

Hapana, ndugu. Kwa hili nitasema bila kuzunguka, kwa sababu hapa tunaongea na mtu anayehudumia umma.

Saiba ni mahali ambapo mama anakuja kuandika namba ya kitambulisho, nywila ya ritani, pengine na ya benki. Onyo la cheti linamaanisha mashine imeshindwa kuthibitisha inaongea na nani. Ukimzoesha mteja kubonyeza kuendelea, siku ataletewa tovuti ya mwizi atabonyeza vilevile, na wewe ndiye uliyemfundisha.

Kuhusu kuzima apdeti: WannaCry, ile vairasi ya kufunga mafaili na kudai fidia, ilipolipuka Mei 12, 2017, kiraka cha kuizuia kilikuwa kimeshatolewa na Microsoft tangu Machi 14, karibu miezi miwili nyuma. Mashine nyingi zilizofungwa mafaili yake zilikuwa hazijakiweka. Kama shida ni gharama ya data, na najua data inauma, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiambie Windows kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Itaacha kujipakulia mizigo mikubwa bila kukuuliza. Kuiondoa apdeti moja kwa muda ili kupima si kosa, ila kwa dada bado hatujafika huko.

Dada, majibu yako ni mazuri mno. Umeshaondoa ruta, umeondoa kampuni ya intaneti, umeondoa saa, umeondoa Chrome. Sasa fungua dirisha jeusi la amri, andika cmd pale kwenye utafutaji, kisha moja baada ya nyingine:

ping 8.8.8.8
nslookup (jina la tovuti ya ritani)
curl -v https:// (jina hilohilo)

Kwenye nslookup na curl jina lifuate bila nafasi za ajabu. Ya kwanza inapima kama mtandao unafikika, ya pili inatafuta namba ya anwani ya tovuti, ya tatu inajaribu kuifungua bila kivinjari. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoitamani. Niandikie inapokwamia.

Kijana_Umoja2 | saa 3:18 asubuhi

Ajaribu pia ipconfig /flushdns, ya kusafisha kumbukumbu ya majina ya tovuti, na netsh winsock reset, ya kurudisha mipangilio ya mtandao ilivyokuwa mwanzo, halafu azime awashe. Mimi ilinisaidia.

SaibaGithurai | saa 3:44 asubuhi

Nimefanya yote. Nilianza na ya kijana wa Umoja, nikazima nikawasha, hakuna kilichobadilika. Halafu za mzee.

ping inajibu mara nne bila kupotea hata moja. nslookup inaleta namba, na nimelinganisha na namba 3, ni zilezile. curl inaandika kwamba inajaribu, inaandika kwamba imeungana na poti 443, halafu inakaa. Inakaa tu. Nimehudumia mteja wa fotokopi nikarudi bado imekaa.

Sasa mzee, kuna jambo limenishtua. Nilijaribu curl na google.com pia nione iliyo nzima inafananaje. Nayo imekaa vilevile! Na pembeni yake Chrome inafungua Google kama kawaida. Inawezekanaje Google ifunguke na isifunguke kwenye mashine moja?

PwaniSouthB | saa 3:58 asubuhi

Assalam aleikum jamaa. Dada, hicho ulichokigundua mwenyewe ndicho ufunguo. Mzee ataniwia radhi nimtangulie kidogo.

Kuna njia mbili za kufika Google siku hizi. Ya zamani ni TCP, mashine mbili zinapeana mikono kwanza ndipo zizungumze, na ndiyo curl yako inayopita. Ya pili inaitwa QUIC, nayo hupita juu ya UDP, njia inayotuma bila kupeana mikono kwanza. Google ndio walioianzisha, ikaja kuwa kanuni ya mtandao wote Mei 2021. Chrome na Edge zikienda Google au YouTube hupenda kupita kwa QUIC. Tovuti nyingi za nyumbani kwetu, za serikali na za benki, bado zinapita kwa TCP peke yake.

Sasa tazama vilivyo vizima kwako. ping si TCP. nslookup kwa kawaida hupita UDP. YouTube ni QUIC, yaani UDP. Kila kizima hakigusi TCP ya poti 443, ule mlango wa https, na kila kinachogoma kinapita hapohapo.

Wataka ushahidi? Kwenye Chrome andika chrome://flags, tafuta QUIC, izime, ufunge Chrome uifungue upya. Kama nasema kweli, na Google nayo itagoma.

SaibaGithurai | saa 4:06 asubuhi

Imegoma!! Google imegoma. YouTube pia. Sijawahi kufurahia kitu kuharibika namna hii. Nimeirudisha ilivyokuwa.

FundiWaNgara | saa 4:20 asubuhi

Mashallah, dada wa South B. Hapo sina la kuongeza ila hatua inayofuata.

Tazameni tena ile curl. Haikusema imekataliwa. Ilisema imeungana, kisha kimya. Maana yake kuna aliyeipokea mkono. Na kama seva ya Google ingekuwa ndiyo iliyoupokea, ingejibu mara moja. Ninavyoshuku, aliyeupokea yumo humohumo ndani ya namba 4: programu iliyojiweka katikati ya kivinjari na mtandao, inapokea kila muunganisho wa TCP kabla haujatoka nje, na sasa haiwezi tena kuupeleka mbele.

Programu za namna hiyo nazijua aina tatu: antivairasi inayokagua https, VPN inayopitisha intaneti yako kwa seva nyingine, na zile za kubana matumizi ya data. Dada, namba 4 ina kipi ambacho zingine hazina?

SaibaGithurai | saa 4:27 asubuhi

Antivairasi. Namba 4 peke yake ndiyo yenye antivairasi ya kununua. Niliinunua mwaka juzi, leseni ya mashine moja, nikaiweka hapo kwa sababu ndiyo inayopokea flashi za wateja wanaokuja kuprinti. Leseni iliisha Februari sikulipia tena. Nimeizima sasa hivi pale chini karibu na saa, bado tovuti hazifunguki. Kwa hiyo si yenyewe?

FundiWaNgara | saa 4:41 asubuhi

Usiiachilie bado. Kuizima pale karibu na saa ni kumwambia askari asinzie. Bado amekaa mlangoni. Antivairasi za aina hii huweka kiendeshi chake ndani kabisa ya njia ya mtandao ya Windows, na hicho hubaki hata ukibonyeza kuzima. Leseni yako imekwisha, kwa hiyo inawezekana kabisa programu haijapata toleo jipya tangu Februari, huku Windows imebadilika chini yake jana usiku.

Tuthibitishe kabla ya kuondoa chochote. Bonyeza kuwasha upya huku umeshikilia kitufe cha Shift. Itakuletea skrini ya buluu yenye chaguo. Ingia kwenye utatuzi wa matatizo, kisha chaguo za juu zaidi, kisha mipangilio ya kuwaka, iwake upya, na ikikupa orodha yenye namba bonyeza 5. Hiyo ni hali salama yenye mtandao. Humo Windows inawaka na vitu vyake vya lazima, za kina antivairasi za nje kwa kawaida zinaachwa. Ruta iwe kwa waya, usitegemee waifai humo. Skrini itaonekana kubwa na mbaya, usiogope. Jaribu curl ileile.

SaibaGithurai | saa 5:09 asubuhi

Curl imejibu papo hapo. Maandishi yamemwagika mpaka skrini ikajaa. Nimefungua ritani, imefunguka. Benki, imefunguka. Mzee, nimesimama hapa mikono inatetemeka.

Sasa niiondoeje kabisa?

FundiWaNgara | saa 5:16 asubuhi

Kwa namba 3, nenda kwenye tovuti rasmi ya waliotengeneza antivairasi hiyo, utafute kifaa chao cha kuondolea. Karibu wote wanacho, kwa sababu wanajua uondoaji wa kawaida huacha mabaki. Kipakue, kiweke kwenye flashi, ukiendeshe kwenye namba 4 ukiwa bado kwenye hali salama. Usikipakue kwingine kokote, hata ukiahidiwa ni kilekile. Kikimaliza, washa upya kawaida.

Na usihofu kukaa bila ulinzi. Ya nje ikitoka, Defender ya Windows huwaka yenyewe. Ikague tu kwamba imewaka, na flashi za wateja zipitie hapo.

Mwanafunzi_Juja | saa 5:20 asubuhi

Swali mzee. Kwa nini antivairasi ikae katikati wakati https imefungwa? Nilidhani hakuna anayeweza kusoma.

PwaniSouthB | saa 5:33 asubuhi

Nikujibu mimi, mzee apumzike. Chukulia tarishi anayepokea kila bahasha yako, anaifungua, anaisoma kama ina sumu, kisha anaifunga upya kwa muhuri wake mwenyewe. Wewe huoni tofauti kwa sababu siku ya kwanza alipoajiriwa aliiambia nyumba yako iuamini muhuri wake. Ndivyo ifanyavyo: inaweka cheti chake kwenye orodha ya vyeti ambavyo Windows inaviamini.

Waweza kumwona kwa macho. Bonyeza alama iliyo kushoto kwa anwani ya tovuti, fungua maelezo ya cheti, usome kimetolewa na nani. Ukikuta jina la antivairasi yako badala ya la mtoa vyeti, ujue tarishi yupo. Mimi binafsi sitaki bahasha zangu zifunguliwe, hata na mwenye nia njema. Kivinjari cha leo chakagua cheti vizuri kuliko wengi wa hao.

Na kwa kuwa mlitaja saa: mwenye Windows pamoja na mfumo mwingine wa Ubuntu kwenye mashine moja, ukiona saa inakosea kwa masaa matatu kamili, betri yako haina kosa. Ubuntu huandika saa ya bodi kwa UTC, ile saa ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa. Nasi Nairobi tu UTC+3, basi tofauti ni tatu daima. Andika timedatectl set-local-rtc 1 upande wa Ubuntu, zitapatana. Kaka yangu alikuwa akikataliwa zile tarakimu sita za kuingilia akaunti, sababu ni hiyo tu.

SaibaGithurai | saa 6:25 mchana

Imekwisha. Antivairasi imetoka, namba 4 imewaka kawaida, na kila kitu kinafunguka. Defender iko juu. Nimeangalia cheti cha ile tovuti ya ritani kama alivyosema dada wa South B, na jina la antivairasi halipo tena. Nilikuwa nalo mle miaka miwili nikiwaandikia watu nywila zao, na sikujua.

Nimeshawajazia ritani watu kumi na mmoja tangu nirudi hewani, mmoja ni mzee aliyengoja tangu saa mbili akakataa kwenda kwingine. Mzee wa Ngara, dada, kijana wa Umoja, Mungu awabariki.

Yule kijana jirani alipita kuulizia mashine. Nimemkalisha nikamwonyesha curl inavyoandika ikiwa nzima, na nikamweleza ilivyokuwa imekaa kimya. Amenyamaza kidogo, halafu ameomba kalamu. Ameziandika zile amri tatu nyuma ya daftari lake la risiti.